Priampu ya Valvu kwa Gita la Besi: Mwanga Usikudanganye



Likizo iliyopita, baada ya Misa ya pili, Mama Mwenyekiti wa kwaya ya parokia yetu ya nyumbani alinisimamisha nje ya kanisa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye hoja.

"Mwanangu Frateri, tumevuna mahindi ya shamba la kwaya na tumeuza. Mpiga besi wetu anataka mashine ya valvu. Wewe vitu hivi unavijua. Lakini safari hii usitutie hasara."

Yale maneno "safari hii" yalinigusa, maana kabla ya kuingia seminari mimi ndiye niliyekuwa mpiga besi wa kwaya hiyo, na niliwahi kuitia hasara. Nitaisimulia hapo mbele. Kwanza nieleze yale ambayo ningependa mtu angenieleza siku ile, kwa sababu najua kwaya nyingi zinapiga hesabu kama hii.

Priampu ni kitu gani?

Chini ya nyuzi za gita la besi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa. Umeme huo ni dhaifu mno kusukuma spika. Lazima ukuzwe, na ukuzaji huo hufanyika kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni priampu. Inapokea umeme dhaifu wa gita, inauinua hadi kiwango ambacho vyombo vingine vinaweza kuutumia, na inakuwezesha kurekebisha besi, midi na trebo. Hatua ya pili ni amplifaya ya nguvu, inayosukuma spika zenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba priampu itafanya besi lisikike hadi barabarani, amechanganya hatua mbili. Ukubwa wa sauti kanisani huamuliwa na amplifaya ya nguvu na spika. Kazi ya priampu ni tabia ya sauti na usafi wake.

Katika kwaya zetu nyingi gita huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na hapo ndipo tatizo la kwanza huanza. Gita lisilo na betri lina ukinzani mkubwa na linahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa zaidi, kwa kawaida omu milioni 1 hivi. Milango mingi ya mikisa ina omu elfu chache au elfu 10 tu. Ukilichomeka hapo, mlango unalinyonya: trebo inakufa na sauti inakuwa kama inatoka ndani ya blanketi. Wengi husema gita ni bovu. Gita ni zima, limekosa tu mlango wake.

Ndani ya ile chupa ya kioo

Valvu, ambayo wengine huiita tyubu, ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Wazee waliokuwa na redio za zamani wanaikumbuka: uliwasha redio, ukasubiri ipate moto, ndipo ikaongea. Ndani yake kuna sehemu tatu za msingi. Ya kwanza hupashwa moto mpaka inaachia chembe za umeme, yaani elektroni. Ya pili ni bamba lenye volti nyingi, linalozivuta elektroni hizo. Katikati kuna wavu mwembamba. Umeme mdogo wa gita ukiwekwa kwenye wavu, unaongoza mto mkubwa wa elektroni unaopita, kama bomba dogo linavyofunguliwa kwa vidole viwili na kuachia maji ya tangi zima. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeweka wavu huo wa kuongoza mwaka 1906, na muziki wa umeme ukapata njia.

Valvu inayotumika zaidi katika priampu za magita inaitwa 12AX7, na kwa jina la Ulaya ECC83. Ndani ya chupa hiyo moja kuna valvu mbili, na kila moja inaweza kukuza hadi karibu mara 100. Ndugu yake, 12AU7 au ECC82, hukuza karibu mara 20 tu, na hivyo ni mpole zaidi. Herufi na namba hizi ziandike mahali, utakutana nazo dukani.

Kwa nini besi hupenda valvu?

Leo kuna transista ndogo, za bei nafuu na zisizopata moto kama valvu. Kwa nini basi watu bado wanazitafuta chupa hizi?

Sehemu moja ni historia. Gita la besi la umeme lilianza kuenea kutokana na Fender Precision Bass ya mwaka 1951, na mwaka uliofuata ikaja amplifaya yake, Bassman. Mwaka 1960 kampuni ya Ampeg ikatoa B-15, na mwaka 1969 ikatoa SVT yenye wati 300. Zote zilikuwa za valvu. Masikio ya dunia yalijifunza sauti ya besi kupitia chupa hizi, na hadi leo mtu akisema "besi la kweli" mara nyingi ana sauti hizo kichwani bila kujua.

Sehemu ya pili ni fizikia, na hii ndiyo yenye faida kwetu. Uzi wa chini wa besi, E, hutikisika karibu mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Spika nyingi za kwaya zetu haziwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho kwa nguvu. Chini ya hezi 50 au 60 zinaanza kukata tamaa. Sasa valvu, inapokuza, haikuzi kwa uaminifu kamili. Inaongeza kidogo sauti pacha zilizo juu ya ile ya asili, hasa ile ya oktevu moja juu, hezi 82. Spika inaweza kuitoa hiyo hezi 82 na nyingine zilizo juu yake. Sikio la binadamu, likisikia pacha hizo zikiwa pamoja, hukamilisha lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana besi lililopita kwenye valvu nzuri huonekana nene hata kwenye spika ndogo.

Zaidi ya hapo, mpigaji akigonga uzi kwa nguvu, valvu haikati ghafla. Inainama taratibu, na sauti inakuwa nzito badala ya kukwaruza. Kwa kijana ambaye vidole vyake havijatulia, huo ni msaada.

Kwa hiyo sifa ya valvu si ushirikina. Ni kitu kinachosikika na kinachoelezeka. Lakini kuna masharti, na hapo ndipo mimi nilipoanguka.

Hasara niliyoileta

Nilipokuwa na umri wa miaka 19 niliona dukani kisanduku kidogo chenye dirisha mbele. Ndani ya dirisha valvu ilikuwa inawaka rangi ya chungwa, nzuri kama taa ya tabernakulo. Sikuuliza swali hata moja. Niliwashawishi wanakwaya, wakachanga, wengine kutoka kwenye faida ya maandazi na mkaa, tukanunua.

Jumapili ya kwanza kanisa zima lilisikia mvumo. Mpiga kinanda alidhani spika imepasuka. Tulihangaika nacho wiki kadhaa, kisha kikarudi kwenye boksi. Baadaye fundi wa redio mtaani alikifungua na kunionyesha: mwanga ule haukutoka kwenye valvu. Nyuma ya chupa kulikuwa na taa ndogo ya rangi, imebandikwa ili dirisha lipendeze. Valvu yenyewe ilikuwa imepewa volti chache mno, hivyo haikufanya kazi yake ipasavyo. Sauti tuliyokuwa tunasikia ilikuwa karibu yote ya transista, pamoja na mvumo wa umeme juu yake.

Valvu kama 12AX7 hufanya kazi vizuri inapopewa volti za juu kwenye lile bamba, kwa kawaida kati ya 150 na 300 hivi. Ikipewa volti 12 au 30 inatoa sauti, lakini ni sauti nyingine, yenye kuchafuka mapema na nafasi ndogo. Wapo wanaoipenda kwa muziki wa rock. Kwa kusindikiza zaburi ya katikati haifai.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. *Kwenye bamba la valvu kuna volti ngapi?* Soma kitabu cha maelezo cha mtengenezaji. Adapta ndogo peke yake si ushahidi wa ubaya, kwa maana vipo vifaa vinavyopandisha volti vyenyewe kwa ndani. Lakini ikiwa mtengenezaji anasifu rangi na mwanga na hasemi lolote kuhusu volti, kuwa na shaka.

2. *Mlango wa gita una ukinzani kiasi gani?* Tafuta omu milioni 1 au karibu na hapo. Kama gita lenu lina betri ya volti 9 ndani, sharti hili linalegea, lakini bado ni zuri.

3. *Je, ina mlango wa XLR wa kupeleka sauti kwenye mikisa?* Huu ndio mlango wa DI. Waya wa XLR hubeba sauti mbali bila kuokota kelele, na kanisani mikisa mara nyingi ipo mbali na kwaya. Priampu isiyo na mlango huu itawalazimu kununua kisanduku kingine.

4. *Je, ina swichi ya kutenga ethi?* Umeme wa ukutani hapa kwetu ni wa hezi 50. Noti ya G ya chini, freti ya 3 ya uzi wa E, ni hezi 49. Maana yake mvumo wa umeme umekaa palepale besi linapokaa, na huwezi kuukata kwa ikwalaiza bila kulikata na besi. Lazima uzuiwe kwenye chanzo. Swichi hii hutenga ethi ya waya wa sauti tu. Kamwe usikate ethi ya plagi ya umeme ili kuondoa mvumo. Hapo unachezea uhai wa mpigaji.

5. *Imetengenezwa kwa volti ngapi za ukutani?* Vifaa vingi vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni vya volti 120. Ukivichomeka kwenye 230 vinaungua siku hiyohiyo. Angalia nyuma, soma, ndipo uchomeke. Na kama umeme wa kwenu hupanda na kushuka, weka hesabu ya stebulaiza kwenye bajeti tangu mwanzo.

6. *Valvu ya akiba itapatikana wapi?* Valvu huchoka. Ya priampu hudumu kwa kawaida miaka kadhaa, lakini siku ikifa, bila akiba mashine yote ni boksi tupu. Chagua kifaa kinachotumia 12AX7 au nyingine inayopatikana kwa urahisi, na nunueni mbili.

7. *Vitufe vya besi, midi na trebo vinafanyaje kazi?* Baadhi ya priampu, kama Alembic F-1X ya Marekani, hufuata mpangilio wa amplifaya za zamani za Fender. Katika mpangilio huo, ukiweka vyote katikati, midi inakuwa imechimbwa tayari. Ili upate sauti iliyo sawa unashusha besi na trebo hadi karibu na 2 na kupandisha midi hadi 10. Asiyejua hilo huona kifaa ni kibaya kumbe amekiweka vibaya.

Neno la usalama. Usifungue priampu ya valvu hata kama umeichomoa. Ndani kuna kapasita zinazoweza kutunza volti mia kadhaa baada ya umeme kuzimwa. Kubadilisha valvu ni sawa ikiwa kitabu cha maelezo kinaruhusu na chupa imepoa. Mengine mwachieni fundi.

Jaribuni kanisani

Dukani kila kitu kinavutia. Chumba ni kidogo na muuzaji anapiga vizuri kuliko mpigaji wenu. Makanisa yetu mengi yana sakafu ya saruji na paa la bati, na sauti za chini huzunguka humo muda mrefu kabla ya kufa. Besi lililonona dukani linaweza kuwa tope kanisani. Katika jengo kama hilo punguza sauti za chini kabisa, inua midi kidogo ili kila noti ijulikane, na kama kuna swichi ya kukata chini ya hezi 30 au 40, iwashe. Spika zitapumua.

Mama Mwenyekiti aliniombea ruhusa kwa Baba Paroko, tukafanya jaribio Jumamosi moja jioni. Tuliazima vifaa viwili, kimoja cha valvu halisi na kimoja cha DI kisicho na valvu. Mzee mmoja na mama mmoja wa kwaya walikaa benchi la mwisho wakiwa wametupa kisogo. Mpigaji alipiga wimbo uleule mara tatu: mara moja gita likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa kama siku zote, mara moja kupitia DI, mara moja kupitia valvu, huku waimbaji wanne wakiimba. Hatukuwaambia mpangilio. Tuliwauliza swali moja tu: ni mara ipi mlisikia maneno ya wimbo vizuri na besi pia?

Wote wawili waliikataa mara ya kwanza bila kusita. Kati ya ya pili na ya tatu walibishana. Mama alipenda ya valvu, akasema "ina joto". Mzee alisema haoni tofauti ya kumfanya auze mahindi. Mpigaji mwenyewe, akiwa karibu na spika, alisikia tofauti kubwa, na ninamwamini, maana tofauti ipo. Ila ilikuwa inapungua kadiri unavyorudi nyuma kanisani.

Hapo ndipo nilipopata la kumwambia Mama Mwenyekiti. Hatua kubwa ni kutoka kwenye mlango mbaya kwenda kwenye mlango sahihi. Kutoka kwenye mlango sahihi kwenda kwenye valvu ni hatua ndogo, nzuri, na ya gharama zaidi. Priampu halisi za valvu huuzwa kwa mamia ya dola, na nyingine huvuka 1,000. Kama kwaya ina spika nzima, waya wazima na umeme tulivu, na mpigaji anarekodi au anapiga kwa amplifaya yake mwenyewe, basi valvu itamlipa. Kama spika moja imepasuka na waya zimefungwa kwa selotepu, aanze huko.

Kwaya ilinunua DI isiyo na valvu, waya mpya na stebulaiza, na ikapeleka spika kwa fundi. Mpigaji hakufurahi, na sikumlaumu. Nilimkumbusha habari ya James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 1960. Alijulikana kwa amplifaya ya B-15, lakini studioni mara nyingi besi lake liliingizwa moja kwa moja kwenye mitambo, na bado ni yeye. Sehemu kubwa ya sauti ilikuwa vidoleni.

Kila chombo na kazi yake

Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle anauliza filimbi bora apewe nani. Anajibu kwamba apewe apigaye vizuri zaidi, si mwenye ukoo mkubwa wala sura nzuri, kwa kuwa filimbi ipo ili ipigwe. Niliposoma ukurasa ule darasani nilikumbuka kisanduku changu chenye dirisha. Nilikuwa nimenunua sura.

Kazi ya besi kanisani inajulikana pia. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 inaeleza kwamba ala husaidia sauti za waimbaji, na kwamba hazitakiwi kuzifunika hata maneno yasieleweke. Hicho ni kipimo ambacho hakihitaji fundi wala dola. Mtu wa benchi la mwisho akisikia neno na akausikia msingi chini ya neno hilo, kifaa chenu kinafaa, kiwe na valvu au kisiwe nayo.

Kile kisanduku cha zamani bado kipo kabatini kwa kwaya. Mama Mwenyekiti amekataa kukitupa. Anasema kinafaa kumkumbusha Frateri.

*Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa falsafa.*